Moyo wa Mama Mkwe na Chungu cha Wifi

Wifi yangu alinishtaki mbele ya ukoo mzima kwamba namuua mama yake polepole, kwa kumnyima chumvi ya kula na maji ya kunywa. Aliyasema hayo akiwa na kikombe cha chai mkononi, chai niliyoipika mimi, na alipomaliza kunishtaki akaomba aongezewe sukari. Nilimwongezea. Kuanzia hapo nilianza kumtafutia siku yake.

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Voi. Wazazi wangu walishuka kutoka Ukambani kufanya biashara, nikazaliwa katika joto na vumbi la mji huu, kisha nikaolewa na mtu wa Chawia, kule juu milimani kwenye ukungu. Kwa wifi yangu, dada pekee wa mume wangu, hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza. La pili sikulitafuta. Mama yao alipougua, daktari alisema akae karibu na hospitali, na nyumba iliyo karibu na hospitali ni yangu. Basi nikawa nimemnyang'anya mama. Mume wangu anafanya kazi Mombasa na huja nyumbani mwisho wa juma, kwa hiyo uuguzi ulikuwa wangu mimi na lawama pia zilikuwa zangu.

Mama mkwe aliletwa kwangu katika gari la mboga, ameketi mbele na dereva, miguu imevimba hata viatu vimebebwa mkononi. Ukimbonyeza kidole kwenye muundi, shimo lilibaki pale ukalitazama. Hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, ameegemea mito, akihema kwa sauti. Alikuwa mwanamke aliyelima shamba la mteremko maisha yake yote, na sasa kutoka kitandani hadi chooni kulimchosha. Nilimpenda, na lazima niliseme hilo mapema, maana yanayofuata yanaweza kumfanya mtu adhani nilikuwa nagombea tu ushindi.

Daktari tuliyempata alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mwenye subira. Alimtoa mama damu, akasema sampuli itakwenda Mombasa. Majibu yaliporudi alinikalisha chini.

“Mama, watu wanadhani moyo ni pampu tu,” aliniambia. “Moyo pia unatoa homoni. Ukijaa maji kupita kiasi, kuta zake zinavutika, na zikivutika zinaachilia hiyo homoni kwa damu. Inaenda kuambia figo: toeni chumvi, toeni maji, huku kumejaa. Sasa moyo wa huyu mama umechoka. Unaita na kuita, na figo hazitii vizuri. Hiyo homoni yake iko juu sana.”

“Na chumvi inaingia wapi?” nilimuuliza.

“Chumvi ndiyo inashika maji mwilini. Akila chumvi nyingi leo, maji yanabaki, damu inaongezeka wingi, moyo unavutika, homoni inapanda. Ukipunguza chumvi, na maji yakiwa ya kipimo, na dawa za kukojoa akimeza, moyo unapumua na homoni inashuka.” Alinitazama akatabasamu kidogo. “Sina haja ya kukuuliza umempikia nini. Damu yake itaniambia.”

Maneno hayo yaliniingia. Nilirudi nyumbani nikaitoa chumvi jikoni, nikaipandisha juu ya kabati ambako hata mimi naifikia kwa stuli. Nilijifunza kupika kwa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na dania. Kisima cha jirani kina maji ya chumvi, chai yake haiwi tamu hata ukiimwagia sukari yote ya dukani, kwa hiyo mama nilimtekea maji ya mfereji, hata siku ambazo mfereji ulikauka na ikabidi nifuate maji mtaa wa pili. Maji yake ya siku niliyatia katika jagi moja, na jagi likiisha, limeisha. Kila asubuhi nilimpandisha kwenye mizani kabla ya chai. Watoto wangu walinung'unika kwamba tunakula kama wafungwa. Mama mkwe hakunung'unika. Alikula alichopewa, akashukuru, akafunga macho.

Tuliporudi kliniki namba ya homoni ilikuwa imeshuka. Vifundo vya miguu, ambavyo nilikuwa sijaviona tangu aje, vilionekana tena. Alilala kwa mto mmoja. Daktari alinipa mkono kana kwamba nimefaulu mtihani, na nakiri nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimeinua kidevu. Nilimpigia simu mume wangu, nikampigia na wifi yangu ili asikie kutoka kinywani mwangu.

Pengine ndiyo maana akaanza kuja.

Alikuja siku za soko, ameshuka na magari ya mboga, na chungu kimefungwa kwa leso. Huko kwao huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Unampelekea chakula kilichopikwa kwenye jiko lako, na mwenye nyumba akikikataa amekutukana wewe na aliyekuzaa. Ndani ya chungu mlikuwa na kimanga, ule mseto wa maharagwe na mihogo uliopondwa, na pembeni majani ya kunde. Mama alikula akanyonya vidole. Mimi nilisimama mlangoni nimejifunga khanga kiunoni.

“Wifi, umetia chumvi?” nilimuuliza.

“Hata punje,” akasema. “Naapa mbele ya Mungu. Onja mwenyewe.”

Nilionja. Ni kweli, chumvi haikuwamo. Maharagwe yalikuwa laini kupita kiasi, yanateleza ulimini, na kunde zilikuwa za kijani kibichi kana kwamba zimechumwa saa ile. Ladha yake ilikuwa imepooza. Nilidhani ndivyo wanavyopika huko juu. Wifi alinitazama nikitafuna, na aliponiona nameza bila neno, alicheka puani.

Kliniki iliyofuata namba ilikuwa imepanda. Mizani ilikuwa imeanza kuniambia siku chache kabla, lakini nilikuwa najidanganya kwamba mizani ni mbovu. Miguu ilikuwa imevimba tena, mito imerudi mitatu. Daktari aliweka kalamu chini.

“Mama, damu haidanganyi,” akasema.

“Sijampa chumvi, daktari.”

“Basi kuna mtu anampa.”

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa huruma ya mtu asiyekuamini, na hiyo inauma zaidi ya ukali. Mimi niliyembeba mama huyu, niliyemtekea maji mtaa wa pili, nilitoka pale kama mwizi. Nilimuuliza mama njiani kama kuna mtu humpa chumvi. Akasema hapana, mwanangu, na alikuwa anasema kweli.

Habari ya kuvimba ilipanda Chawia kabla hata sijafika nyumbani. Mwisho wa juma ule ukoo ulishuka kwangu: baba mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wao siku hizi, shangazi wawili, wifi, na mume wangu aliyetoka Mombasa akaketi kwenye kona akisoma simu yake. Hapo ndipo wifi aliponishtaki, na kikombe changu mkononi.

“Mama amenyimwa chumvi, na bado anavimba,” alisema. “Kama chumvi ndiyo shida, mbona anavimba? Huyu ana hasira ndani. Tangu mama aje hapa, huyu ana hasira na sisi. Hiyo hasira ndiyo imemjaza mama yangu.”

Mgeni wa mambo yale angecheka. Mimi sikucheka, maana nimekaa nao muda wa kutosha. Wazee wa huko walishika kwamba ugonjwa usioisha nyumbani unatoka katika moyo wa ndugu aliyeficha hasira, na dawa yake ni kutasa: mnakaa pamoja, kila mtu anachukua funda la maji kinywani, anayapuliza chini, anatamka kwamba kama alikuwa na hasira, sasa imetoka, mgonjwa apone. Baba mdogo ni mzee wa kanisa pia, kwa hiyo alianza na Baba Yetu ili pasiwe na ugomvi na mtu yeyote. Kisha akaitisha bakuli la maji.

Walipuliza mmoja mmoja kwenye kizingiti cha nyumba yangu, mama akitazama kutoka kitini. Wifi alipuliza kwa madaha, matone yakaruka mbali, akatamka kwa sauti ya kwaya. Zamu yangu ilipofika nilijaza mashavu, nikainama, na nilipoinama nikawaza: maji haya yakitoka, nitakuwa nimesema kwamba mimi ndiye mgonjwa wa nyumba hii. Nitakuwa nimekubali. Nikayameza. Nikatoa pumzi tu, kwa kelele, nikajifuta midomo na kutamka maneno yao. Hasira yangu niliitaka ibaki pale pale, nilikuwa na kazi nayo.

Siku chache baadaye nilipanda Chawia bila kumwambia mtu. Nilikuwa nimemaliza kushona sare za kwaya ya kanisa lao, nikapata kisingizio. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, nikafika uani kwa wifi bila mbwa kubweka. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Alikuwa ameinama juu ya kinu kidogo, anatwanga kitu. Kando yake palikuwa na mkebe, na ndani ya mkebe vipande vya magadi, yale mawe ya rangi ya majivu yanayouzwa sokoni karibu na wauza dagaa. Akautia unga wake kwenye maji, akayaacha yatulie, akayachuja kwenye sufuria ya maharagwe. Mengine akayamwagia kunde. Mkono wake haukuwa mchoyo.

“Karibu, wifi,” akasema aliponiona. Hakuficha chochote. “Napikia mama. Kesho ni soko.”

“Hayo magadi unatia kila siku?” nilimuuliza kwa upole, maana nilikuwa nimeanza kusikia utamu.

“Sasa maharagwe yataiva na nini? Kuni zenyewe ziko wapi? Hiyo si chumvi, ni magadi tu. Mama amekula tangu azaliwe.”

“Yananukia vizuri,” nikasema.

Alipotoka kuita mtu wa kupokea sare, nilichukua kipande nikakifunga kwenye kitambaa changu cha mkono. Nilishuka mlima nikicheka peke yangu.

Daktari alikitazama kile kipande mezani kwake, akajipiga kwenye paji la uso. “Kosa ni langu pia. Nilisema chumvi, sikutaja magadi,” alisema. “Haya yana sodiamu, na sodiamu ndiyo ile ile inayoshika maji tukila chumvi. Figo haziulizi jina. Mwambie huyo dada aache, na utaona homoni itashuka.”

Ningeweza kumwambia siku ile ile, kwa simu, mambo yakaisha. Mume wangu alinisihi hivyo. “Mwambie pole pole, hajui,” alisema. Nilimwambia aendelee kusoma simu yake. Dada yake hakunishtaki pole pole, wala hakunishtaki kwa simu. Alinivua nguo mbele ya shangazi zake. Akimwaga mboga, mimi namwaga ugali. Chungu kilichokuja siku ya soko nilikipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, na alipoondoka nikawamwagia kuku wa jirani. Mama nilimwambia kimechacha njiani kwa joto.

Nilingoja hadi baba mdogo alipowaleta watu wa ukoo tena, kuja kuona kama maji yale yamefanya kazi. Niliandaa chai ya maziwa na mandazi. Nilimkalisha mama mkwe kwenye kiti chake, nikamfunika shuka. Walipokwisha kunywa, nilileta sahani ndogo nyeupe, ile ya wageni, na juu yake kipande cha magadi. Nikaiweka katikati ya meza.

“Wifi,” nikasema, “waambie wazee hiki ni nini na unakitia wapi.”

Aliwaambia, bado hajui anakokwenda. Akasema ni magadi, anatia kwenye chakula cha mama, na hakuna ubaya. Nikampigia daktari, nikaiweka simu kwenye spika, nikamuuliza swali moja tu: mtu mwenye moyo uliojaa maji akila magadi, inakuwaje? Daktari wa watu hakujua yuko mbele ya mahakama. Alieleza kwa sauti yake nzuri kwamba ni sawa na kumlisha chumvi, kwamba maji yanabaki mwilini, moyo unavutika, homoni inapanda, mgonjwa anavimba na anaweza kufa. Nilimshukuru nikakata simu.

Treni ya mizigo ilipita huko mbali, tukaisikia hadi ikaisha. Wifi alikuwa anaitazama ile sahani. Shangazi mmoja alisema, “Yesu wangu,” na mwingine akajivuta kwenye kochi, akasogea mbali naye.

“Nani alikuwa na hasira moyoni?” niliuliza. “Nani alikuwa anamjaza mama?”

Baba mdogo alikohoa, akatoa uamuzi kwamba chungu cha wifi kisije tena nyumbani kwangu, na kwamba chakula cha mama ni mimi peke yangu. Wifi alilia. Alilia vibaya, kwa makamasi, mtu mzima mwenye wajukuu, akitamka kwamba hakujua, hakujua. Akatoka akaacha leso yake kwenye kiti. Nitasema ukweli: nilisikia raha. Niliisikia mwilini, kwenye mabega na magotini. Watu wanaosema kisasi hakina ladha, mimi siwajui, labda hawajawahi kukipika wenyewe. Usiku ule nililala vizuri kuliko miezi yote.

Asubuhi mama mkwe hakula.

Alisema ameshiba. Mchana akasema mdomo mchungu. Siku iliyofuata alikunywa chai nusu kikombe, akageuza uso ukutani. Nilimpikia wali wa nazi, nikampikia kuku wa kienyeji kwa ndimu, nikampikia ndizi. Sahani zilirudi jikoni kama zilivyokwenda. Kwa muda nilidhani ni ugonjwa, nikampeleka hospitali.

Daktari alipima. Homoni ilikuwa imeshuka, kama alivyotabiri. Kifua kilikuwa safi, miguu imekauka. “Moyo umepata nafuu,” akasema, lakini hakutabasamu. Alimshika mama mkono, ngozi ikabaki imesimama alipoivuta. “Sasa amekauka mno, na hali chakula. Nitapunguza dawa ya kukojoa. Mama, huyu asipokula, hata moyo upone, mwenyewe ataondoka. Tafuta kitu atakachokula.”

Niliporudi nyumbani nilimkalisha kitandani, nikapiga magoti mbele yake na bakuli la uji. Nilimwambia mama, nikosoe, nimekosa nini?

“Mimi sili kwa mtu aliyemeza,” alisema.

“Kumeza nini, mama?”

“Maji. Siku ile ya kutasa. Wengine walikuwa wameinama, lakini mimi nilikuwa kitini, koo lako nililiona likipanda na kushuka.” Hakuwa amekasirika. Alisema kama anayenieleza mahali alipoweka funguo. “Nikanyamaza. Nikasema, binti yangu ananiletea chakula chake, chako hakitanidhuru. Sasa binti yangu umemfukuza. Nile kwa nani?”

Nilijaribu kumweleza magadi. Nilimweleza figo, nikamweleza homoni, nikamwambia kwamba chungu kile ndicho kilichokuwa kinamwua na mkono wangu ndio uliomwokoa. Alitikisa kichwa kukubali yote. Nilipomaliza, akafunga mdomo. Uji ukapoa mkononi mwangu hadi ukaweka ngozi juu.

Nilikasirika naye pia, mgonjwa yule. Nilitoka nje nikapiga ndoo teke. Kisha nikavaa viatu, nikapanda gari la Chawia, maana ningefanya nini? Alikuwa anakufa kitandani mwangu, katika mashuka yangu, na moyo mzuri.

Nilimkuta wifi uani kwake. Hakusema karibu. Aliendelea kuchambua kunde, akaniacha nimesimama kwenye umande hadi vidole vya miguu vikafa ganzi. Nilimwambia kwamba mama hali chakula changu kwa sababu aliniona nikimeza maji ya kutasa, na kwamba anamtaka yeye apike. Nilimwambia kwamba atapika kwangu, bila magadi. Aliposikia kwamba mama hali, mikono yake ilisimama. Nikadhani nimepata njia.

“Nitakuja,” alisema. “Lakini kwanza utatema. Mbele ya wale wale.”

“Wifi, hakuna wakati.”

“Wewe ulipata wakati wa kutafuta sahani nyeupe.”

Nilirudi Voi kwenda kuita watu.

Walikuja wote. Bakuli liliwekwa kizingitini. Mama mkwe aliletwa na kiti chake, amekuwa mwepesi hata mume wangu alimbeba peke yake. Nilichukua funda la maji, na wifi akasema, “Ngoja.” Akaja akasimama mbele yangu, uso kwa uso. Nikapuliza. Maji yakatoka yote, yakamlowesha ncha za viatu. “Fungua mdomo,” akasema. Mbele ya shangazi, mbele ya baba mdogo, mbele ya watoto wangu mwenyewe, nilifungua mdomo kama mtoto anayekaguliwa kama amemeza dawa ya minyoo, naye akachungulia ndani, kushoto na kulia, bila haraka. “Sasa sema. Kwa sauti, mama asikie.”

Nilisema kwamba kama nilikuwa na hasira na wifi yangu, imetoka, mama apone. Maji yalikuwa yametoka, hilo nalijua. Hasira sijui ilikuwa imekaa wapi, maana nilipomwona anarudi kitini kwake na ile shingo yake imenyooka, niliisikia ipo. Lakini mama alikuwa ananitazama koo, akaonekana ametosheka.

Wifi alikuwa ameloweka maharagwe tangu jana yake. Aliyaweka kwenye jiko langu la makaa, akakaa nayo karibu kutwa nzima akilalamika kwamba makaa ya Voi ni taka na kwamba kwa maji kidogo ya magadi yangekuwa yameiva zamani. Mimi nilivuta stuli nikaketi mlangoni. Sikutoka hata kwenda chooni.

“Kaa hapo hapo,” alisema bila kugeuka. “Kesho usije ukaniletea sahani nyingine.”

“Nipo,” nikasema.

Alimenya mihogo, akaichemsha pamoja na maharagwe, akaponda kwa mwiko hadi jasho likamtoka. Kunde alizipika kwa nyanya na kitunguu, zikawa nyeusi, akazikunjia uso. Chumvi ilikuwa juu ya kabati, na stuli ya kuifikia ilikuwa chini yangu mimi. Mfuko wake wa aproni niliutazama kila alipoinama. Tulikuwa wanawake wawili tunaochukiana katika jiko dogo lenye moshi, na kila mmoja alikuwa na shauku ile ile.

Alimpakulia mama kwenye sahani ya kawaida, akamkalia pembeni ya kitanda. Mama akachukua tonge la kwanza, akalizungusha mdomoni. Akameza. Akachukua jingine. Nilihesabu matonge mpaka nikaacha kuhesabu, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa na sikutaka wifi anione. Alikula yote. Alifuta sahani kwa kidole akakilamba, na uso wake ukawa na damu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ushindi wangu.

Kisha akanigeukia, kwa upole kabisa, kama mama anayemfundisha mwanawe kupika.

“Umeona?” aliniambia. “Hiki ndicho chakula chenye chumvi. Chako kilikuwa hakina.”

Wifi aliinua macho akanitazama, akingoja niseme. Sikusema, na yeye hakusema. Katika chumba kile ni sisi wawili tu tuliojua kwamba hakikuwa na hata punje.